Kura Mbili za Mheshimiwa Moset

Tulimzika Mheshimiwa Moset Ijumaa, upande wa Longisa, katika shamba lake linaloteremka hadi mtoni, na muda wote wa hotuba nilikuwa nikingoja mtu azitaje kura zile mbili. Hakuna aliyezitaja. Walitaja barabara, wakataja basari za wanafunzi, wakataja kicheko chake kilichosikika kabla hajaingia mlangoni. Mwanasiasa mmoja kijana, ambaye nadhani hakuwahi kuketi naye hata mara moja, alisema marehemu alikuwa mtu wa watu, kisha akatuomba tumkumbuke yeye mwenyewe siku ya kura ikifika. Nilikuwa nimeketi kwenye hema la nyuma pamoja na Bwana Rono, aliyekuwa meneja wa ofisi yetu zamani. Sasa anatembea kwa mkongojo na husikia vizuri kwa sikio moja tu. Aliniinamia akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani, "Atieno, hawa watu wanazika mtu mwingine." Wanawake wawili wa mbele yetu waligeuka. Mimi niliinamisha kichwa, maana nilikuwa nataka kucheka na kulia kwa pamoja. Niliporudi nyumbani niliamua kwamba kama hakuna aliyeyasema pale kaburini, nitayaandika hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipoajiriwa katika ofisi ya mbunge. Nilikuwa na diploma na jozi moja ya viatu vya kuvaliwa mbele za watu, na nilikuwa Mjaluo aliyezaliwa kwenye kempu ya wachumaji wa majani chai, jambo ambalo watu wengi waliofika ofisini walilitambua mara tu nilipofungua mdomo. Kazi yangu ilikuwa kupokea wageni, kujibu maswali, na kuandika rasimu za hotuba ambazo Mheshimiwa angesoma Bungeni. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo barua zetu zote zilinuka dawa ya kupe. Chumba cha mbele kilikuwa na mabenchi yaliyoazimwa kanisani na hayakurudishwa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Mheshimiwa, na kati yake na meza yangu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba nilijua alipofungua droo na alipoguna kwa sababu ya mgongo wake. Chini, upande wa pili wa ngazi, palikuwa na hoteli ya Mama Wairimu, mama kutoka Nyeri aliyefika na mumewe kuuza viatu, akaishia kuwapikia watu chapati na githeri ya mahindi na maharagwe. Yeye ndiye aliyekuwa na televisheni ya pekee katika jengo lile, na kwa sababu hiyo ndiye aliyejua siasa kuliko sisi wa juu.

Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa kipindi chake. Kila aliyepanda ngazi zile alikuwa akifikiria uchaguzi, hata kama alikuja kuuliza habari za kitambulisho. Bwana Rono alikuwa anafikiria uchaguzi kuliko wote. Alikuwa mtu mwaminifu, mwenye suti iliyonyooka na mwoga wa makelele, na kila asubuhi alimpa Mheshimiwa ushauri uleule kwa maneno tofauti: usiguse kitu chochote kinachoweza kukuunguza mpaka tuvuke. Mheshimiwa alimsikiliza kwa heshima, akamshukuru, kisha akaniita nimsomee magazeti.

Kura ya kwanza ilihusu fedha za ulinzi. Serikali ilikuwa imeleta makadirio yake, na ndani yake kulikuwa na fungu kubwa la kununulia jeshi magari mapya. Mbunge mmoja wa upande wa pili akaleta marekebisho: fungu hilo lipunguzwe kidogo, na kitakachopunguzwa kiende kwa matibabu na makao ya wanajeshi waliojeruhiwa kazini. Chama cha Mheshimiwa kilikataa marekebisho hayo, si kwa sababu yalikuwa mabaya, bali kwa sababu ya mtu aliyeyaleta. Siku hiyohiyo kiranja wa chama alipiga simu. Nilikuwa mezani kwangu, na mbao zile zikanipa upande mmoja wa mazungumzo. "Ndiyo, kiranja," nilimsikia Mheshimiwa akisema. "Nimekusikia." Kimya. "Hapana, sikusema nimekubali. Nimesema nimekusikia." Kimya kingine, kirefu. "Basi na wewe umenisikia." Kisha droo ikafunguliwa na kufungwa, naye akatoka akaniuliza kama Mama Wairimu alikuwa na chapati zilizobaki.

Jimboni kwetu kulikuwa na koplo kijana aliyeitwa Kibet. Gari lao lilikuwa limekanyaga bomu mpakani, akapoteza mguu chini ya goti. Alikuwa akiishi kwa kaka yake, na kila alipokwenda kliniki alipita kwa Mama Wairimu kunywa chai. Mimi nilipoanza kuandika hotuba ya Mheshimiwa, nilimweka Kibet kwenye aya ya kwanza. Niliandika jina lake, goti lake, mkongojo wake, na jinsi anavyopanda ngazi akiegemea ukuta. Nilijua ilikuwa hotuba nzuri. Mheshimiwa aliisoma akiwa amesimama dirishani, akaniambia ni nzuri sana, kisha akanituma nimwite Kibet aje aulizwe.

Sikuona haja ya kumwuliza. Nani angekataa kusemewa Bungeni? Kibet alipanda ngazi, akaketi kwenye benchi la kanisa, na Mheshimiwa badala ya kumwita ndani akatoka akaketi kando yake. Alimweleza kura ilivyokuwa na alichotaka kusema. Kibet alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mheshimiwa, kongoi sana," alishukuru. "Lakini ya mguu wangu wacha."

"Unaogopa wakubwa wako?"

"Si wakubwa. Ukisema huu mguu pale Bunge, kesho yake sokoni kila mtu ataangalia mguu. Saa hii bado kuna wengine wananiangalia uso." Alitazama chini, akatabasamu kidogo. "Na mimi natafuta kuoa."

Mheshimiwa alicheka kile kicheko chake, na Kibet naye akacheka, na kwa dakika kadhaa wakazungumza habari za msichana mmoja wa Chepilat ambaye wazazi wake hawakuwa wameamua. Kibet alipoondoka akasema, "Sema ya wote. Sisi ni wengi. Ya mtu mmoja itawafanya watoe pole halafu waende lunch." Mheshimiwa aliniambia niondoe aya ya kwanza. Nilimjibu kwamba bila Kibet hotuba ile haina nguvu, na nilisema kwa ukali wa mtu aliyependa maandishi yake. "Basi itakuwa hotuba isiyo na nguvu," alisema. "Huyo kijana amekataa, Atieno. Tumemaliza." Nimefanya kazi karibu na wanasiasa wengi tangu siku hiyo, maana sasa mimi ni karani wa kamati katika bunge la kaunti nyingine. Nimewaona wakisimama na huzuni za watu wengine mikononi kama mtu anayenadi ng'ombe. Kila ninapoona hivyo namkumbuka Moset kwenye benchi lile, akiwa ameambiwa hapana na mtu asiyeweza kumfanya lolote, na akaikubali.

Siku ya kura tulijazana kwa Mama Wairimu. Alikuwa amezima muziki kwa hiari yake, jambo ambalo watu wa boda boda walililalamikia mpaka alipowaambia chai iko kwa wanaonyamaza. Tulimwona Mheshimiwa akisimama kwenye kioo, mdogo kuliko nilivyomzoea, akasoma hotuba fupi iliyonyooka, isiyomtoa mtu machozi. Kisha majina yakaanza kuitwa, moja moja. Wa chama chake wote walikuwa wakijibu la. Lilipofika jina lake alisema "Ndiyo," akaketi, na kamera ikamwonyesha jirani yake akijisogeza pembeni kidogo kwenye kiti, kama mtu aliyeketi na mgonjwa wa homa. Marekebisho yalishindwa vibaya. Mwanamume mmoja karibu na mlango, muuzaji wa mbuzi, akasema, "Sasa mbunge wetu ananyima jeshi magari. Ni ya nini hiyo?" Nilitaka kumjibu. Lakini Kibet alikuwa pale pembeni, mgongo ukutani, kikombe mkononi, na aliyepaswa kujibu alikuwa yeye. Alimaliza chai yake, akachukua mkongojo, na alipopita karibu nami akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ukiongea na yeye, mwambie nimeona."

Nilimwambia. Wiki iliyofuata chama kilimwondoa Mheshimiwa kwenye kamati ya bajeti aliyokuwa akiipenda. Alisikia habari hizo redioni, kama sisi wengine, akiwa ofisini na mdomo umejaa githeri. Alitafuna mpaka akamaliza. Bwana Rono alisimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama aliyekuja kutoa rambirambi. "Kaa ule, Rono," Mheshimiwa alimwambia. "Githeri ya leo ina viazi."

Nilidhani hapo alikuwa amefanya ujasiri wa kumtosha mwaka mzima. Lakini baada ya mvua ndefu ukaja mswada wa mito, na huo ndio ulioingia hadi ndani ya nyumba za watu. Ulitaka kingo za mito na chemchemi zilindwe, na mikaratusi, hii tunayoiita blugamu, isiwe karibu na maji kwa sababu inayanywa mpaka inakausha. Asiyetoka kwetu huenda asielewe uzito wake. Viwanda vya chai hukausha majani kwa moto wa kuni, na kuni hizo ni blugamu, na blugamu hustawi penye maji. Kwa hiyo kila mwenye kipande cha shamba kinachogusa mto alikuwa amepanda pale bondeni miti ya kusomesha watoto. Wakati huohuo, visima vya watu wa chini vilikuwa vikikauka kila kiangazi, na akina mama walikuwa wakitembea na mitungi hadi kwenye mito ambayo mimi nilipokuwa mtoto niliiogopa kwa kina chake, na sasa ng'ombe alivuka bila kulowesha magoti. Kila mtu aliyajua yote mawili. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyasema pamoja.

"Siku hiyo uwe mgonjwa," Bwana Rono alimshauri. Nilikuwa pale, hakunificha. "Wabunge wanakuwa wagonjwa. Hakuna atakayesema umepinga, hakuna atakayesema umeunga. Tunavuka."

"Na nikipona?"

"Ukipona tuko Bungeni kipindi kingine."

Mheshimiwa alimtazama kwa upendo, nadhani hilo ndilo neno. Akasema, "Rono, sijui kuugua vizuri. Mke wangu huwa ananigundua." Kisha akaniambia nitangaze mkutano katika ukumbi wa kanisa, mchana, siku ambayo watu wanapeleka majani chai, ili aje kila mtu.

Kabla ya mkutano huo alitualika nyumbani kwake kwa chakula cha mchana. Sebule yake ilikuwa na makochi yenye vitambaa vilivyofumwa, picha za watoto wakiwa na majoho, na kalenda ya ushirika wa chai. Mkewe, tuliyemwita Mama Chebet, alituletea ugali, mboga za kienyeji zilizolazwa kwenye maziwa, na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, akatumiminia vikombeni bila kumtazama mumewe. Tulipoanza kula nikasikia mlio wa msumeno wa mashine kutoka bondeni, ukipanda na kushuka, kisha kishindo cha mti mkubwa ukianguka. Vikombe vilitikisika. Mheshimiwa aliendelea kumega ugali. Alikuwa anakata blugamu zake mwenyewe, zote za kando ya mto, miti iliyokusudiwa kujengea nyumba ya binti yao. Mama Chebet alirudi jikoni, na tukamsikia akimwambia dada yake, kwa Kiswahili, nadhani ili mimi nisiachwe nje, "Mwulize huyo, anagombea kura ya nani. Ya mto?" Mheshimiwa alisikia. Mti mwingine ukaanguka. Akasema polepole, akitazama sahani, "Ana haki ya kukasirika. Nilimwambia asubuhi tu, watu wa msumeno wakiwa wamefika." Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akiona aibu mwaka ule.

Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani, wengine wakiwa bado na vikapu vya kuchumia mgongoni. Mheshimiwa hakuwachekesha kama kawaida yake. Alisoma mswada kwa Kiswahili chepesi, kipengele kwa kipengele, kisha akasema, "Nitapiga kura ya ndiyo. Nawaambia leo ili msisikie kwa redio." Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Ziliponyamaza alisimama mama mmoja mjane, Mama Chelangat, mrefu, kitambaa chekundu kichwani, ambaye shamba lake lilikuwa ukanda mwembamba tu kando ya mto.

"Mheshimiwa, mimi sina chai," alisema. "Nina ile miti tu. Mzee aliipanda akafa. Hiyo miti ndiyo mume wangu saa hii. Inalipa shule. Sasa wewe unakuja kuniambia niwe mjane mara ya pili?"

Hakuna aliyecheka. Mheshimiwa alishuka kutoka mbele akaenda kusimama karibu naye, ili wasipigiane kelele. "Miti yako imebaki miaka mingapi ikomae?"

"Mitatu. Minne."

"Na ukiikata ikiwa imekomaa, bila kupanda mingine hapo chini, utaweza kuhamia kitu kingine?"

"Kitu gani?"

"Sijui bado, mama. Sitaki kukudanganya kwamba najua."

"Basi ukijua ndiyo uje," alisema Mama Chelangat, akaketi. Watu wakampigia makofi yeye.

Lakini mazungumzo yale hayakupotea. Tuliporudi ofisini Mheshimiwa aliniketisha mezani, tukaandika marekebisho yake mwenyewe: kwamba miti iliyokwisha kusimama iachwe ikomae na ivunwe na mwenyewe, ila isipandwe tena, na kwamba serikali itoe miche ya kienyeji bure kwa kila atakayevuna. Tuliyaandika mara nyingi, kwa sababu kila neno lilikuwa na mlango wa nyuma ambao mtu mjanja angepitia. Nilijifunza sheria zaidi pale, kwenye meza inayonuka dawa ya kupe, kuliko nilivyojifunza popote baadaye.

Alinipeleka Nairobi siku ya kura. Niliketi kwenye roshani ya wageni, viatu vyangu vimepigwa rangi, nikamwona akitembea kutoka kiti hadi kiti, akiinama, akinong'ona, akishika bega la huyu, akingoja yule amalize simu. Wanamazingira walidhani marekebisho yake yanaudhoofisha mswada. Wenye mashamba makubwa walidhani yanaupa mswada nafasi ya kupita. Wote walikuwa sahihi, nao wote walimkasirikia. Alikwenda hata kwa kiranja aliyemtoa kwenye kamati, akakaa karibu naye muda mrefu, na sikuweza kusikia neno, ila niliona kiranja akitikisa kichwa, akitikisa tena, kisha akanyoosha mkono akachukua ile karatasi akaisoma. Marekebisho yakapita. Baadaye Spika akalihoji Bunge juu ya mswada wote, sauti za ndiyo zikajaa ukumbi, na ya kwake siwezi kusema niliisikia, lakini nilimwona akiifungulia mdomo. Tulikula chipsi kwenye hoteli ya karibu na Bunge. Akampigia Rono simu. "Imepita," alisema. Akasikiliza. "Amenyamaza," akaniambia, akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Huyo analia. Mwache kidogo."

Kampeni zilikuwa kama Bwana Rono alivyotabiri. Wapinzani walimwita adui wa kuni na adui wa jeshi, wakati mwingine katika sentensi moja. Mama Chelangat alipanda kwenye gari la mpinzani wake mara kadhaa na kusimulia habari za mumewe. Mheshimiwa alipoulizwa juu ya kura zile mbili alijibu palepale, kwa utaratibu, hata kwenye mikutano ambayo angeweza kuongea habari za barabara. Alishindwa. Hakushindwa kwa kura chache ambazo mtu angeweza kujifariji nazo.

Asubuhi baada ya matokeo alikuja ofisini akiwa amevaa sweta badala ya koti. Mimi na Rono tulikuwa tumeketi kwenye mabenchi kama watu waliofiwa. Alituambia turudishe hayo mabenchi kanisani, kwa kuwa yamechelewa, kisha akaanza kumwandikia mbunge mpya orodha ya watu ambao shida zao hazikuwa zimeisha. Alikuwa kwenye kazi hiyo tuliposikia mtu akipanda ngazi polepole. Alikuwa Mama Chelangat, na kibuyu mkononi.

Rono alisimama kama askari wa mlangoni. Mheshimiwa alitoka chumba cha nyuma.

"Sikukupigia kura," Mama Chelangat alisema, bado akiwa amesimama.

"Najua, mama."

"Na niliwaambia wengine wasikupigie."

"Nilikusikia. Ulikuwa na maikrofoni nzuri kuliko yangu."

"Nimesikia miti yangu sitaing'oa," alisema. "Nitaivuna. Wameniambia ni wewe uliandika hivyo."

"Tuliandika na Atieno."

Mama Chelangat alinigeukia, akanikagua kuanzia viatu hadi nywele, kisha akaketi kwenye benchi. "Mtoto, leta vikombe," aliniambia. Nilivileta. Alitikisa kibuyu, akamimina mursik, kikombe cha Mheshimiwa kwanza, kisha cha Rono, kisha changu, akajaza mpaka juu. Wakaanza kuzungumza juu ya miche, ni ipi inayoshika haraka penye maji, na kama nyuki wanaweza kulishwa na maua yake.